Mtu wa Jembe Aliyenifundisha Usukani

Iko siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, na mke wangu anisamehe. Ni siku niliyotolewa mtaroni na mtu mwenye jembe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, dereva wa Bwana Ramazani, mfanyabiashara wa hapa Kindu aliyeuza vitambaa na chumvi. Alikuwa na magari mawili madogo, yale ya mgongo wa kobe. Moja nililiendesha mimi. La pili aliliendesha mwenzangu Assumani, kijana mpole asiyependa maneno mengi. Mimi maneno nilikuwa nayo ya kututosha sote wawili.

Wakati ule nchi iliitwa Zaire. Chama kilikuwa kimoja, na kila mtu alihesabiwa mwanachama tangu tumboni mwa mama yake. Sikukuu za Chama zilikuwa na ngoma, gwaride na hotuba zilizokausha mate. Mwaka ule vijana wa Chama wakaongeza jambo jipya, mashindano ya magari. Magari yangeondoka mtaa wa Mikelenge, moja baada ya jingine, yakimbie kwenye barabara ya udongo mwekundu mpaka daraja la kilometa ya nane, yageuke, yarudi. Mwalimu mmoja wa shule angeshika saa. Najua ninyi mtacheka, mmeshaona makubwa, lakini kwetu ilikuwa kama dunia nzima imepiga hodi.

Bwana Ramazani naye akaongeza la kwake. Alikuwa amepata lori jipya, bado linanuka rangi. Akatuita mimi na Assumani akatuambia kwamba atakayemshinda mwenzake katika mashindano ndiye atakayekabidhiwa lori hilo. Mwanangu, dereva wa lori wakati ule alikuwa mtu. Akifika miji kama Pangi au mji wa Kama anatolewa kiti kabla hajazima mashine, na habari zote za mji anaulizwa yeye. Nililitaka lile lori mpaka nikakosa hamu ya kula.

Basi nikaanza kufanya mazoezi. Mazoezi yangu yalikuwa kukanyaga mafuta mpaka mwisho na kumwachia Mungu mengine. Siku ya tatu, kwenye kona ya kilometa ya sita, Mungu akanirudishia kazi yangu. Niliingia kwa kasi, nikakanyaga breki katikati ya kona, gari likageuka upande, nikajikuta mtaroni, magurudumu mawili yakizunguka hewani.

Aliyekuja alikuwa mzee mwembamba, jembe begani. Ndiye Mzee Kikuni, kantonye wa pale. Kantonye ni mtu aliyewekwa kulinda kipande cha barabara: anafukia mashimo, anafyeka majani, anazibua mitaro. Kipande chake kilianza kilometa ya tano mpaka darajani, na aliishi papo hapo katika nyumba ya kazi pamoja na mke wake, Mama Feza. Walitoka Pangi zamani sana, wakaitwa watu wa barabara mpaka kabila lao likasahaulika.

"Mutoto, iko muzima?" akaniuliza.

"Niko muzima, Mzee. Barabara yenu njo mubaya."

Akaitazama barabara, akanitazama mimi. "Barabara iko pahali pake," akasema. "Weye njo umetoka."

Alimwita Mama Feza na wakulima wawili waliokuwa wakipita, tukalisukuma gari mpaka likapanda. Nilipokuwa najifuta matope, yule mzee akasema tena, bila haraka, "Siku tatu minakuona. Pahali pa kukimbia unatembea, pahali pa kutembea unakimbia."

Nikamuuliza kwa dharau, "Mzee, unajua kuendesha motokari?"

"Hapana. Hata baiskeli sijui."

Nilicheka, mwanangu. Nilimchekea usoni mtu aliyetoka kunisukumia gari, nikaondoka bila kumpa asante ya kueleweka. Fadhila ya punda mnaijua. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi langu lilivunjika siku mbili baadaye, Bwana Ramazani alipotupima kwa saa yake na Assumani akanipita mbali. Nikamwona mwenzangu anakwenda kuligusagusa lile lori kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Kesho yake nikarudi kilometa ya sita nimefyata mkia.

Mzee Kikuni hakunikumbusha kicheko changu. Alisema tu, "Acha motokari kwanza. Vua viatu."

Tulitembea kwa miguu mitupu kutoka darajani mpaka kilometa ya tano, kisha tukarudi. Alinionyesha kwa wayo wa mguu wake pale ardhi ilipo ngumu na pale inapodanganya. Kuna upande wa kona uliokuwa mkavu juu lakini baridi chini ya nyayo. "Mayi inapita hapa chini," akasema. "Mayi haisemi uongo. Pahali inapita leo, njo pahali utateleza kesho." Mimi niliyeipita barabara ile mara mia sikuwa nimewahi kujua kwamba ina baridi na joto lake.

Siku tatu hakuniruhusu kugusa usukani. Nilibeba kikapu cha changarawe, nikafukia mashimo pamoja naye, huku nikinung'unika na kujiuliza kama nimekuja kufundishwa au kuajiriwa bure. Mama Feza alinitazama akacheka, "Mutoto wa mujini, mikono yako iko laini kama ya bibi arusi." Alinipa mihogo ya kuchoma na chai, nikala, nikarudi kazini.

Siku ya nne akachomeka kijiti chenye jani la mchikichi kando ya barabara, mbali kabisa kabla ya kona. "Hapa njo utakamata freni," akasema, "motokari ingali imenyooka. Ukiisha kuingia kona, acha freni, sukuma." Kwangu hiyo ilikuwa njia ya waoga. Breki pale, wakati kona yenyewe bado haijaonekana vizuri? Nikamwambia nitapoteza muda. Hakubishana nami. Alikuwa na bamba la jembe la zamani lililotundikwa kwenye nguzo ya nyumba yake. Akachukua jiwe, akasema, "Nitapiga. Toka kwa kijiti mpaka kwa kalavati. Kwanza fanya vile unajua weye."

Nikaenda kwa mtindo wangu, vumbi tupu. Akagonga bamba, ko, ko, ko, kwa mwendo mmoja, mpaka nikavuka kalavati. Mapigo thelathini na moja. Nikarudi nikaenda kwa mtindo wake. Thelathini na matatu. Nilishuka nimefurahi kama aliyeshinda kesi.

"Umeona sasa, Mzee?"

"Nimeona. Bado unaogopa. Macho yako iko mu mutaro, na motokari inaenda pahali macho inaenda. Angalia pahali unatokea."

Nilikasirika, mwanangu, kwa sababu ilikuwa kweli. Tangu siku ile nilipoanguka, kila nikiikaribia kona ile macho yangu yalikwenda yenyewe mtaroni kutafuta alama yangu. Nani alikuwa amemwambia? Alikuwa amesimama umbali wa nyumba tano. Nikarudi tena, nikalazimisha shingo yangu kuangalia kule barabara inakofungukia. Ishirini na tisa. Jioni ile nilifika ishirini na saba, na mwisho wa juma la pili ishirini na tano. Niliwahi kumuuliza kama ana hakika hagongi polepole ili kunifurahisha. Akasema amechimba udongo miaka ishirini na mkono wake haujui kubadili mwendo. Nikaona aibu kwa swali langu.

Mpaka leo nikimwazia, moyo wangu unajaa. Mtu ambaye hajawahi kushika usukani alinifundisha mimi mwenye usukani, na alichonifundisha ni kitu alichokijua kuliko watu wote wa Kindu, yaani ile barabara. Mimi nilikuwa nalijua gari tu. Gari bila barabara ni chuma cha kukalia.

Jumamosi kabla ya sikukuu ilikuwa ya salongo. Salongo ilikuwa kazi ya pamoja iliyoamriwa na serikali: kila mtu anatoka na jembe lake, anafagia, anafyeka. Safari ile vijana wa Chama walitumwa kuitengeneza barabara ya mashindano, maana Komiseri, mkuu wa serikali hapa kwetu, angekuja kutazama. Walifanya kazi ya nusu siku. Mashimo makubwa waliyajaza majani na udongo mlegevu, juu wakalainisha kwa udongo mwekundu, barabara ikapendeza kama imevalishwa nguo ya Iddi. Mzee Kikuni aliwaambia kwamba shimo halishibi majani. Wakamwambia akapumzike.

Walipoondoka akanishika mkono. "Ile ni poda ya uso," akasema. "Usikanyage udongo mupya. Fuata alama ya zamani, hata kama itakutikisa." Kisha akakaa kwenye jiwe, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatafuta maneno.

"Sefu, miye nitakuomba kitu kimoja. Kule biro ya serikali wanaandika liste mupya ya majina ya makantonye. Wazee wanatolewa, wanaweka vijana ya Chama. Nikitolewa, nyumba pia inaenda. Mama Feza na miye hatuna tena pahali kule Pangi, wenye walitujua wamekufa. Ukishinda watakupa maikro ya kusemea, na Komiseri atakuwa pale. Taja jina yangu. Sema ile barabara iko na muntu. Basi, hakuna kingine."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa mikono miwili, na wakati ule nilikuwa namaanisha.

Siku ya mashindano yalitoka magari matano. Assumani alinitangulia. Nilipofika kilometa ya sita, kabla ya kona, nilimkuta amesimama kando ya gari lake, gurudumu la mbele limezama mpaka nusu katika ule udongo mpya. Alinipungia mkono kwamba ni mzima, nipite. Nikafuata alama za zamani, gari likanitikisa meno, nikakamata breki gari lingali limenyooka, nikaangalia pale ninapotokea. Niligeuka darajani nikarudi Mikelenge, na mwalimu alipoisoma saa yake hakukuwa na wa kunikaribia.

Watu walinibeba. Akina mama wa ngoma, vitenge vyao vina picha ya Kiongozi, wakanizunguka. Bwana Ramazani alicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Nikapandishwa jukwaani, na kijana mwenye maikro akaniuliza, "Sitwayeni Sefu, ushindi huu ni wa nani?"

Sitwayeni, yaani raia, ndivyo Chama kilivyotaka tuitane, na kila mtu alilijua jibu la swali hilo. Nikamshukuru Kiongozi wa nchi. Nikakishukuru Chama. Nikamshukuru Komiseri, nikamshukuru Bwana Ramazani. Makofi yakapigwa. Na pale, mwanangu, mdomo ulipokuwa bado karibu na maikro, nilimwona Mzee Kikuni kwenye kamba iliyowazuia watu, amevaa shati safi la kuazima lililompwaya mabegani, ameinua kidevu anasubiri.

Wengine watasema niliogopa. Ningependa kukuambia hivyo, maana woga wakati ule ulikuwa na sababu. Lakini mimi ni mzee sasa na sina haja ya kujipamba. Niliona haya. Nilimwona Komiseri na miwani yake, nikaona wasichana, nikajiuliza nitasemaje kwamba nimefundishwa na mtu wa jembe asiyejua hata baiskeli. Nikarudisha maikro. Mzee Kikuni akapiga makofi pamoja na wengine, kisha akageuka, akarudi nyumbani kwake kwa miguu.

Siku nne baadaye liste ikasomwa. Jina lake halikuwemo.

Nililijua jambo hilo nikiwa juu ya lile lori, safari yangu ya kwanza. Nilipofika kilometa ya sita nilimkuta Mama Feza anakunja mikeka nje ya nyumba, na Mzee yuko barabarani anafukia lile shimo lililomnasa Assumani kwa changarawe, ingawa haikuwa tena kazi yake. Nikasimamisha lori, nikashuka. Nilijiambia kwamba yamekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Aliendelea kushindilia changarawe mpaka akamaliza. Ndipo akasema, "Nilikufundisha kupunguza mwendo mbele ya kona. Siku ile ulifika kwangu, ukapita mbio."

Nikamwambia nitakwenda biro, nitamwona karani, nitamwomba faraghani. Akatikisa kichwa. "Neno yenye iliharibika mbele ya watu, haitengenezwi ndani ya chumba." Hakuinua sauti. Mama Feza hakunitazama kabisa, na hilo liliniuma kuliko maneno yote.

Jumamosi ya salongo ikafika. Mtaa mzima ulikuwa Mikelenge na majembe, na Komiseri alikuja kukagua kama kawaida yake. Nilitupa jembe langu chini, nikamwendea. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Sitwayeni Komiseri, siku ya sikukuu nilidanganya mbele yenu. Niliacha kumutaja muntu aliyenifundisha. Ni Mzee Kikuni, kantonye wa kilometa ya sita. Yeye njo nilipaswa kumushukuru, na sasa ametolewa mu kazi na mu nyumba."

Majembe yote yalisimama. Komiseri akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Unasema nini? Ile asante ulimupa Kiongozi ilikuwa uongo?"

Mwanangu, wakati ule watu walipotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Bwana Ramazani, aliyekuwa hatua chache kutoka kwangu, akajifanya anatafuta kitu chini. Nikajibu kwamba asante ile ilikuwa kweli, ila ilikuwa pungufu, na asante pungufu ni wizi. Sijui nilikoitoa kauli hiyo. Komiseri akaendelea kuifuta miwani yake.

Aliyenisaidia ni Assumani, niliyemshinda. Akasogea na jembe lake akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Ni kweli, Sitwayeni Komiseri. Miye niliingia mu shimo yenye walijaza majani. Ule mzee aliwaambia, wakamufukuza. Sefu alimusikia, njo maana alipita. Na motokari yenu pia itapita kule."

Komiseri akawatazama vijana wa Chama. Wao wakatazama vidole vya miguu yao. Akavaa miwani akamwambia karani wake, "Huyu mzee aandikwe tena," kisha akaendelea na ukaguzi wake. Mambo yakaishia hapo, kwa maneno manne, na mimi nilikuwa nimeyanyima nafasi kwa sababu ya kuona haya.

Bwana Ramazani hakunisamehe kwa kumtia hofu. Jioni ile alichukua ufunguo wa lori akampa Assumani, na mimi nikarudi kwenye gari dogo. Sikulalamika. Ilikuwa haki yake, na Assumani alistahili. Nilipata lori langu miaka mingi baadaye, kwa tajiri mwingine.

Lakini jambo ninalotaka ulisikie ni hili la mwisho. Siku iliyofuata, asubuhi, Mzee Kikuni na Mama Feza waliingia uani kwa Bwana Ramazani, wametembea tangu alfajiri, Mama Feza ana kuku kwapani. Nilidhani wamekuja kunisema. Mzee akamsalimu Bwana Ramazani, akawasalimu wafanyakazi wote waliokuwepo, kisha akasema mbele yao, "Tumekuya kumushukuru Sefu. Alisema jina yangu mbele ya watu. Ameturudishia nyumba." Mama Feza akaniwekea kuku yule mikononi, akaniita mwanawe. Mtu niliyemwibia shukrani yake alikuwa ametembea kilometa sita kuniletea yangu. Nililia pale uani, mwanangu, mtu mzima na kuku wangu, wala sikujificha.

Alikaa kwenye barabara ile mpaka nguvu zilipomwisha, na kila gurudumu lililopita pale lilikuwa na deni kwake. Mungu amrehemu, na Mama Feza pia.

Basi nasaha yangu ni hii. Utakapofika mahali pa kushangiliwa, na nakuombea ufike, usiwashukuru walio juu yako peke yao, maana hao hawakosi wa kuwashukuru. Mtafute kwa macho yule aliyesimama kwenye kamba, aliyekufunza kwa mikono yake, hata kama hana cheo, hata kama hajui nusu ya mambo unayoyajua wewe. Mtaje kwa jina, mbele ya watu, akiwa hai na masikio yake yakisikia. Na ukishindwa siku ya kwanza, kama mimi, usiseme maji yamemwagika. Rudi ukaseme, hata kama kusema kutakugharimu kile ulichokishinda.

Mungu akupe mwalimu atakayekuambia kweli usoni, akupe na moyo wa kumvumilia. Akulinde safarini, kwenda na kurudi. Na siku yako ya kushukuriwa ikifika, akuletee mgeni mlangoni, amekuja kwa miguu yake, anaulizia jina lako.